Kila nikitoka mjini giza linanikuta njiani: nifanyeje kwenye Dragon's Dogma 2?

Swali: Shikamoo kaka. Niko Arusha, Sakina. Kaka yangu ameniachia PS5 yake pamoja na Dragon's Dogma 2, nami nasubiri matokeo ya kidato cha sita, kwa hiyo muda ninao. Nimecheza masaa kama kumi na tano. Dunia yake nimeipenda sana, ila kila nikitoka mjini safari inakuwa ndefu, giza linanikuta njiani, nakufa, narudi nyuma. Sasa hivi nimekwama Checkpoint Rest Town, kule mpakani. Mafuta ya taa yameisha, vifaa vya kambi sina, na damu yangu haijai hata nikinywa dawa. Kwenye duka naona wanauza Portcrystal kwa pesa halisi. Ninunue? Au gemu hii si ya mtu kama mimi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la pesa, maana hilo ndilo linaloweza kukuumiza leo hii: Portcrystal, hilo jiwe la kuweka kituo cha kuruka, usinunue. Sababu nitakupa huko mbele. Na hilo la mwisho naona limetoka kwenye uchovu tu. Umesema mwenyewe dunia yake umeipenda, na watu wa namna hiyo ndio waliotengenezewa gemu hii.

Mimi nakaa Moshi na kazi yangu ni kuongoza wageni Kilimanjaro. Masika yakianza wageni hupungua, Aprili na Mei nakuwa nyumbani, na huo ndio msimu wangu wa kushika pedi. Dragon's Dogma 2 ilitoka tarehe 22 Machi 2024, mvua zikiwa mlangoni, na tangu hapo nimeimaliza mara tatu. Kazi yangu naitaja kwa sababu moja: niliielewa dunia hii siku nilipoacha kuiendea kama gemu nyingine na kuanza kuiendea kama ninavyouendea mlima.

Gemu ya kwanza ilitoka mwaka 2012. Aliyeiongoza, Hideaki Itsuno, ndiye aliyeongoza na hii ya pili, na ramani yake waliipanua ikawa kubwa takribani mara nne ya ile ya zamani. Ukipanua ramani kiasi hicho, wengi wangekurahisishia kwa kukuwekea vituo vya kuruka kila kona: unabonyeza jina la mji, umefika. Itsuno alikataa. Kabla gemu haijatoka alieleza kwamba safari humchosha mchezaji pale tu gemu yenyewe inapochosha. Kwa hiyo akaijaza njia. Pango lililojificha nyuma ya maporomoko, sanduku juu ya ukingo wa mwamba, jitu la jicho moja limelala kando ya barabara, daraja lililokatika linalokulazimisha uzunguke bonde zima. Mambo mazuri ya gemu hii yako kati ya mji na mji. Anayekimbilia kufika anayapita yote gizani, kisha anafika mjini na kukuta stoo, gesti na foleni ya watu wenye shida zao.

Nikuelezee usiku wangu wa kwanza, kwa sababu nadhani ndio huo huo wako. Nilitoka Vernworth, mji mkuu wa nchi unayoanzia, jua limeshapinda, nikitaka kuwahi kijiji cha Melve kwa miguu. Njia naijua, nikajipa moyo. Nusu ya safari rangi ikaanza kutoka kwenye majani, kisha kwenye miti, kisha barabara yenyewe ikapotea. Nikawasha taa ya kiunoni. Inamulika hatua chache tu mbele yako, kama koroboi. Nje ya duara hilo huoni kitu, unasikia tu. Nikasikia kitu kama mifupa inagongana upande wa kushoto, mwenzangu mmoja akapiga kelele, taa ikacheza mara mbili na kuzimika. Mafuta yameisha. Nilibaki nimeegemea jiwe, nageuza kamera huku na huku, naona weusi mtupu, na huku damu inapungua bila kumwona anayenipiga.

Usiku wa gemu hii umetengenezwa hivyo makusudi, na maiti wanaotembea hutoka hasa wakati huo. Mlimani usiku tunatembea mara moja tu, ile saa sita ya kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, na hapo kila mtu ana taa kichwani na betri za akiba mfukoni. Safari nyingine zote ni za mchana. Basi nawe fanya hivyo. Ondoka mjini alfajiri, mara tu kunapopambazuka. Jua likishavuka utosi, acha kuuliza nitafika lini, anza kutafuta utalala wapi. Njiani kuna sehemu za kambi, utaziona kwa mabaki ya moto, na zinajiandika zenyewe kwenye ramani ukishazipita. Beba chupa tatu za mafuta ya taa zisizoguswa. Na mchana uizime hiyo taa, maana inaendelea kunywa mafuta hata kwenye jua kali, na wengi hawalitambui hilo.

Sasa damu isiyojaa. Hapo hujakosea dawa. Kila unapopigwa, kipande cha mstari wako wa damu kinageuka kivuli, na hicho kivuli dawa za kawaida hazikirudishi, wala uganga wa Mage, yule mchawi mtibabu. Unaweza kutoka mjini na mstari mzima na kufika jioni ukiwa na theluthi yake, ingawa kila mara ulipoumia ulitibiwa. Kinachorudisha kwa kawaida ni kulala: gesti, kambini, au nyumbani kwako ukishakuwa nayo. Mimi hili halikunishangaza hata kidogo. Mgeni akianza kuumwa kichwa pale Lava Tower, mita 4,600, unaweza kumpa maji, supu, hata dawa ya maumivu, atapata nafuu ya muda, lakini kinachomponya ni kushuka kambi ya Barranco akalale. Panda juu, lala chini. Kwa hiyo uusome huo mstari kama saa. Kivuli kikifika nusu, safari ya siku hiyo imekwisha, hata kama jua bado lipo.

Ndipo vinapokuja vifaa vya kambi. Vinauzwa madukani mijini na vina uzito, ndiyo maana watu wanaviacha, na ndiyo maana wanakwama kama ulivyokwama. Usitoke tena bila hivyo. Angalia tu usiweke kambi huku maadui wako karibu, maana mkivamiwa usiku vifaa vinaweza kuharibika na itabidi ununue vingine. Safisha eneo kwanza, zunguka kidogo, ndipo ulale.

Na ukishaweka kambi, usilale kabla ya kupika. Nyama unayoipata kwa wanyama njiani, ukiiweka motoni, picha inabadilika: unaonyeshwa filamu halisi ya nyama halisi kwenye chuma cha moto. Mafuta yanachuruzika, kingo zinakunjamana na kuwa kahawia, unasikia ule mlio. Mara ya kwanza nilisimamisha gemu nikatoka kwenda kununua mishikaki. Mlo huo unakuongezea nguvu kwa muda, na nyama nzuri zaidi inaongeza zaidi, lakini mimi naupenda kwa sababu nyingine. Unakuwa umetembea kutwa, umepigwa, umebanwa na giza, halafu mnakaa wanne kuuzunguka moto. Hicho kipande hakipo kwa aliyeruka mji hadi mji kwa jiwe la usafiri.

Mzigo. Pale geti la Machame kila mzigo unapanda mizani, na mpagazi haruhusiwi kuzidisha kilo 20. Gemu hii nayo ina mizani yake, tofauti ni kwamba haikuzuii, inakuadhibu. Ukizidisha, unakuwa mzito, pumzi inaisha upesi, na pumzi ikiisha kabisa mhusika wako anainama anahema huku adui anakuja. Mwili uliouchagua mwanzoni unahusika pia: mrefu mwenye mwili mkubwa anabeba zaidi, mdogo anabeba kidogo. Kagua mkoba wako leo. Silaha za zamani uza, mawe ya madini na vifaa vya kuboreshea peleka stoo ya gesti, matunda yaliyooza tupa. Ukiona mende wa dhahabu kwenye shina la mti, wale Golden Trove Beetle, waokote na uwatumie kila mara: kila mmoja anaongeza kidogo uwezo wako wa kubeba moja kwa moja.

Mzigo uliobaki gawa kwa wenzako, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wa dunia hii.

Wale wenzako watatu, mapawni, nimeona wachezaji wengi wanawachukulia kama mapambo yanayoongea sana. Huku kwetu wapagazi wa mlimani tunawaita wagumu, na kila kiongozi anajua kwamba hakuna anayefika kileleni bila wao. Mmoja ni wako wa kudumu, ulimuumba mwenyewe. Wawili unawakodi, na hao wameumbwa na wachezaji wengine duniani. Wakati wewe uko Sakina umelala, pawni wako naye anaweza kuwa anatembea kwenye dunia ya mtu wa Japani au Brazili. Ukilala gesti anarudi na alichojifunza: ameona sanduku, amepita pango, amemaliza misheni ambayo wewe hujaianza. Hao unaowakodi wako hivyo hivyo. Akisema anajua njia au kuna kitu karibu angependa kukuonyesha, bonyeza amri ya kwenda, ile Go, kisha mfuate. Usimpite. Mimi niliongozwa hivyo na pawni wa mtu nisiyemjua, tukapanda ngazi ya mawe niliyoipita mara nne bila kuiona, na juu yake kulikuwa na sanduku na mandhari ya bonde lote la Vermund, nchi ya Vernworth, chini yetu. Mtu fulani, mahali fulani, alipagundua kabla yangu, na mgumu wake ndiye aliyenibebea habari.

Kosa kubwa la wanaoanza ni kuwakodi wawili na kubaki nao. Hao wa kukodi hawapandi levo. Wewe unapanda, wao wanabaki pale pale, na ukifika Battahl, nchi ya pili ng'ambo ya mpaka, unatembea na watu dhaifu huku ukidhani adui ameongezewa nguvu. Wabadilishe kila unapopanda levo mbili tatu. Walio levo sawa na yako au chini yake hawana malipo, walio juu unawalipia kwa Rift Crystal, fuwele zinazotumika kama pesa ya kuwakodi. Unawapata kwenye mawe ya Riftstone, au unawasimamisha tu njiani wanapopita. Hakikisha daima kuna Mage mmoja wa kutibu. Wawili wengine chagua upendavyo, ila tazama na kipaji cha kila mmoja kabla ya kumchukua. Mwenye Logistician anapanga na kugawa mizigo bila kuambiwa. Mwenye Forager anakuwekea alama za vitu vya kuokota. Na siku utakayokwenda Sacred Arbor kwa wale watu wa msituni, chukua mwenye Woodland Wordsmith, la sivyo utasimama unatazamana nao bila kuelewa neno.

Kuna ugonjwa mmoja unaowapata, Dragonsplague, na huu usiupuuze. Pawni anaanza kushika kichwa kama mwenye kipandauso, anakaidi amri, anajibu kwa kiburi, na macho yake yanang'aa wekundu. Ukimwona hivyo, usilale mjini. Ugonjwa ukiwa umekomaa na ukalala gesti, usiku anageuka na kuwaua watu wa mji huo, wauzaji, watoa misheni, wote, na gemu inahifadhi hivyo hivyo. Wa kukodi mwache aende zake. Wako wa kudumu mtupe kwenye maji ya kina, atabebwa na viumbe wekundu wa humo, kisha umwite tena kwenye Riftstone akiwa mzima. Inauma kumfanyia hivyo uliyemuumba, lakini fanya. Sasisho la baadaye lilipunguza kasi ya ugonjwa na kuzifanya dalili zionekane zaidi, kwa hiyo wewe una nafasi nzuri kuliko sisi wa mwezi wa kwanza.

Turudi kwenye pesa. Portcrystal ni alama tu ya kufikia. Unaichomeka ardhini, na baadaye unaweza kuirukia ukiwa mbali. Lakini kinachokurusha ni Ferrystone, nayo inatumika mara moja na kwisha, na kwa mfanyabiashara ndani ya gemu ni dhahabu 10,000. Hiyo Ferrystone haipo kwenye vitu vinavyouzwa kwa pesa halisi. Kwa hiyo ungelipa, ungepata kituo, na usafiri ungekuwa bado huna. Vernworth tayari ina Portcrystal ya kudumu, na nyingine za kubeba utazipata kwa kucheza. Ferrystone ulizonazo ziweke kwa dharura au kwa kurudi nyumbani kutoka mbali sana. Kama bado unaona safari ni kali, sasisho la Septemba 2024 liliongeza hali nyepesi ya kuchezea, Casual Mode, na hiyo ni bure.

Usafiri ninaoupenda mimi ni gari la ng'ombe. Unakwenda stendi yake asubuhi, unakaa kwenye benchi, unasubiri, unalipa, unapanda. Ukitaka unasinzia, unaamkia uendako. Ila si kila siku mnafika salama. Safari moja nilishtushwa na kelele, kufungua macho griffin, lile dude lenye mabawa ya tai na mwili wa simba, ametua juu ya barabara, gari limevunjika vipande. Nilimrukia mgongoni nikang'ang'ania manyoya yake. Akapaa nami. Aliponitua sikujua niko wapi, ramani ilikuwa nyeupe pande zote, na siku mbili za gemu zilizofuata, nikitafuta njia ya kurudi, ndizo nilizoona vitu vingi kuliko wiki nzima kabla yake.

Mawili mengine kwa haraka. Misheni nyingine zina muda. Pale Vernworth kuna mzee anayetafuta mjukuu wake aliyechukuliwa na mbwamwitu; ukisema utakwenda baada ya siku kadhaa, utamkuta mtoto ameshakufa. Inayohusu uhai wa mtu ifanye kwanza. Na la pili, kama hujaokota Seeker's Token, zile alama ndogo zilizofichwa kila mahali, hata moja kati ya zile 240, utakapookota ya kwanza simama, piga picha ya ramani. Mbele ya safari kuna kiumbe mwenye mafumbo milimani, na atakuuliza kuhusu mahali hapo.

Sasa hapo ulipo. Gesti ipo papo hapo Checkpoint Rest Town, lala humo, kivuli chote kwenye mstari wa damu kitaondoka na gemu itapata alama imara ya kurudia, hata umeme ukikatika nyumbani. Ukiamka uza silaha za ziada, nunua mafuta ya taa, na vifaa vya kambi kama pesa inatosha. Badilisha wale wawili wa kukodi. Kisha usirudi Vernworth kwa miguu: nenda stendi, panda gari la ng'ombe ukajipange vizuri, kwa sababu kuvuka kwenda Battahl kunahitaji kibali na bila shaka hujakipata bado. Njiani kaa macho, usisinzie safari hii. Tazama upande wa milima, weka alama kwenye ramani kila mahali panapokuvutia, moshi, gofu, mdomo wa pango. Kesho yake alfajiri chagua moja tu kati ya hizo alama, uiendee kwa miguu. Ukifika, niandikie umekuta nini. Nyingine mimi mwenyewe sijazifikia.